Mishale Miwili, Ukuta Mmoja

Kamera mbili za filamu zilikuwa mezani, zote zimewekwa ISO 400, namba ya usikivu wa filamu, zote zina lenzi ya milimita 50, zote zinautazama ukuta uleule uliopauka, upande wa kivulini. Nikainua ya kwanza, ile iliyo kongwe zaidi. Mshale wa kipimamwanga chake ukatulia kwenye 1/250 kwa f/8, yaani filamu ipate mwanga kwa 1/250 ya sekunde kupitia tundu la lenzi la f/8. Nikaishusha, nikainua ya pili. Hii ikaridhika na 1/125 kwa f/8.

Nikarudia. Wingu halikusogea, ukuta haukusogea, nami sikutoka niliposimama. 1/250. Kisha 1/125.

Stopu nzima, yaani mwanga mara mbili.

Nikatoa simu, nikafungua programu ya kupimia mwanga ili iamue. Ikaleta jibu la tatu, katikati ya hayo mawili.

Tofauti yenyewe haikunishangaza. Kamera zenye umri huo zina kila sababu ya kuchoka. Kilichonikosesha utulivu ni bahasha za negativu kwenye droo. Nilikuwa na filamu za kutoka kamera zote mbili, zilizopigwa kwa kufuata vipimamwanga vyake bila kubishana navyo, na zote zilikuwa nzuri: vivuli vina uhai, mawingu hayajaungua. Kama mmoja wa mishale hii unasema uongo, mbona picha zake hazisemi uongo?

Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo wiki kadhaa.

## Hakijui kama ni ukuta

Kipimamwanga cha ndani ya kamera hakipimi mwanga unaoangukia kitu. Kinapima mwanga uliokigonga kitu hicho ukarudi kwenye lenzi, na hakina njia ya kujua kama umerudi mdogo kwa sababu jua limefichwa au kwa sababu kitu chenyewe ni cheusi. Kwa hiyo kinakisia. Kinachukulia kwamba chochote kilicho mbele yake, kikichanganywa chote pamoja, ni kijivu cha katikati, kisha kinakutajia namba za kukifanya kitokee kijivu cha katikati.

Ni hilo tu kinalojua.

Karatasi nyeupe hurudisha karibu asilimia 90 ya mwanga. Kadi ya kijivu ya Kodak hurudisha asilimia 18. Uwiano wake ni mara tano, yaani stopu mbili na ushei. Jaza fremu kwa karatasi nyeupe, mtii mshale, na utapata karatasi ya kijivu. Jaza fremu kwa koti jeusi, nalo litatoka kijivu. Haya kila mpiga picha wa filamu anayajua, na sitakaa hapo.

Lililonichukua muda kulimeza ni kwamba watengenezaji wenyewe hawakukubaliana kijivu hicho kiwe kipi hasa. Kuna namba ambayo wahandisi huiita K, inayounganisha mwanga uliopimwa na namba za kamera. Canon na Nikon hutumia 12.5. Pentax na Minolta walichagua 14. Tofauti hiyo ni ndogo, kama sehemu moja ya sita ya stopu, na hakuna filamu itakayoilalamikia. Lakini maana yake ni nzito kuliko ukubwa wake: kamera mbili zilizotoka kiwandani siku hiyohiyo, zikiwa na afya kamili, zinaweza kutofautiana na zote mbili zikawa sahihi.

Halafu kuna suala la mahali kipimamwanga kinapotazama. Nikon FM ya mwaka 1977 hulipa duara la milimita 12 la katikati uzito wa asilimia 60, sehemu nyingine zote zikagawana 40 zilizobaki. Canon F-1 ya 1971 husoma mstatili mdogo wa katikati, asilimia 12 ya fremu, na ya nje ya mstatili huo haiyajali. Pentax walionyesha mfano wa Spotmatic mwaka 1960 ukiwa na kipimo cha nukta moja, lakini kamera iliyofika sokoni 1964 ilichukua wastani wa fremu nzima. Kwa hiyo kamera mbili zinapoutazama ukuta mmoja, si lazima ziwe zinausoma ukuta mmoja.

Na ukuta wangu haukuwa sawa kote. Upande wa kushoto ulipata mwanga wa anga zaidi kuliko kulia.

Nikasogea hadi plasta tupu ikajaa fremu nzima, lenzi nikaiacha kwenye umbali wa mwisho kabisa, kwa sababu lenzi ikitoka nje ili ione karibu hupunguza mwanga unaofika ndani. Nikalizingira jicho kwa kiganja. Ninavaa miwani, na kwenye kamera nyingi seli za mwanga zinakaa karibu na dirisha la kutazamia. Mwanga unaopenya kutoka nyuma, kati ya miwani na kamera, huhesabiwa pamoja na ule uliopitia lenzi. Watu wengi hulikumbuka jambo hili kamera ikiwa juu ya miguu mitatu na jicho halipo, lakini lipo hata jicho likiwepo.

Tofauti ikapungua. Kutoka stopu nzima ikawa theluthi mbili hivi. Hizo theluthi mbili zikagoma kuondoka.

## Betri iliyozuiwa na sheria

Kamera yangu kongwe ina seli ya CdS (kadimiamu salfaidi), kipande kinachohisi mwanga. Seli za seleni zilizoitangulia, kama ile iliyokaa juu ya Contax III ya mwaka 1936, zilizalisha umeme zenyewe: mwanga unaingia, umeme unatoka, mshale unasogea, hakuna betri. Udhaifu wake ulikuwa kukosa nguvu penye mwanga hafifu, na nyingi zimezeeka kwa kusoma pungufu. CdS ilipoingia kwa wingi miaka ya 1960 ilileta usikivu ambao seleni haikuwa nao, ila kwa sharti. Haizalishi chochote. Ukinzani wake hushuka mwanga ukipanda, na hivyo huruhusu umeme wa betri upite zaidi au kidogo.

Yaani ukweli wake umeegemea ukweli wa betri.

Na betri iliyokusudiwa ilikuwa ya zebaki, PX625, volti 1.35. Sifa yake kubwa haikuwa nguvu bali uthabiti. Ilitoa volti zilezile karibu maisha yake yote, kisha ikafa ghafla. Wabunifu wengi waliitegemea kana kwamba ni sehemu ya kipimo chenyewe, wakaacha kuweka sakiti ya kusawazisha volti, kwa kuwa betri ilikuwa tayari inaifanya kazi hiyo. Zebaki ni sumu, na Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa betri hizo kwa sheria ya mwaka 1996. Kwingineko nako zikaondolewa. Uamuzi ulikuwa sahihi. Ila kamera zilibaki, na chumba cha betri kilibaki na umbo lilelile, nasi tukaanza kutia humo betri ya alkalini inayotoshea: volti 1.5 ikiwa mpya, kisha hushuka kidogokidogo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Volti zikizidi, umeme unazidi, mshale unapanda. Kamera inaamini kuna mwanga mwingi kuliko uliopo, nayo inainyima filamu.

Si kamera zote zenye shida hii. Sakiti ya Spotmatic imejengwa kwa kulinganisha pande mbili, mmoja dhidi ya mwingine. Volti zikipanda zinapanda kote, na mshale hauyumbi. Ndiyo maana napata shida na ushauri wa jumla kwamba kila kamera ya enzi hizo imeharibiwa na betri za leo. Inategemea sakiti. Mbili za umri mmoja, zenye seli ya aina moja, zinaweza kuwa moja imepona na nyingine inaugua.

Yangu inaugua. Nilijua hivyo baada ya kuzipeleka kamera zote mbili kwenye mwanga wa aina tatu: jua kali, kivuli, na chumbani mbali kidogo na dirisha. Kamera ya pili ina seli ya silikoni na betri za oksaidi ya fedha, kwa hiyo niliichukua kuwa shahidi, angalau kwa muda. Juani, kamera kongwe ilizidi kwa stopu moja na zaidi. Kivulini, theluthi mbili. Chumbani, zikakubaliana.

Nilikaa na namba hizo jioni nzima.

Mpaka wakati huo nilikuwa nauliza kamera yangu imekosea kwa kiasi gani. Nilitaka namba moja, niizungushe kwenye kitasa cha ISO, niendelee na maisha. Namba hiyo haikuwepo. Kulikuwa na namba tatu, moja kwa kila mwanga, na bila shaka nyingine nyingi kati yake. Swali lililostahili lilikuwa jingine kabisa: je, inakosea vilevile kila mara?

Mizani inayozidisha robo kilo kila inapopima bado ni mizani. Unatoa robo, unapata uzito wa kweli. Kipimamwanga kinachozidisha stopu moja popote unapokipeleka kina dawa hiyohiyo: filamu ni 400, weka kitasa 200, basi. Lakini kinachozidisha stopu juani, nusu kivulini na sifuri chumbani hakina namba ya kukiponya. Ukikirekebisha kwa jua, kitaunguza filamu chumbani.

Kosa lililotulia linatibika.

Ndipo nikaona jinsi tunavyozungumza kuhusu usahihi wa vipimamwanga kwa mkazo usiofaa. Tunakilinganisha kipimo kimoja na kingine mahali pamoja, kwenye mwanga mmoja, wakati mmoja, tunatoa hukumu. Hukumu hiyo haina thamani. Kipimamwanga kilicho mbali na ukweli lakini kimetulia ni bora kuliko kilicho karibu na ukweli huku kinahamahama.

Kuna njia kadhaa za kuirudishia kamera volti zake. Betri ya oksaidi ya fedha ina volti 1.55 na haishuki ovyo. Ukiitia kwenye kishikizo chenye dayodi ndogo ya kupunguza volti, inakaribia kabisa 1.35. Fundi anaweza kuirekebisha sakiti yenyewe kwa betri ya sasa. Mimi nilichukua njia ya betri za zinki na hewa, zile za vifaa vya kusaidia kusikia. Hutoa volti 1.4 hivi na husimama hapohapo. Ukishabandua karatasi yake hewa inaanza kuila, na haitadumu kama nyingine. Ni gharama ninayoikubali.

Nikairudisha kamera kwenye mwanga wa aina tatu. Tofauti kati ya mbili hizo ikawa haizidi theluthi moja ya stopu, kote kutatu.

Nilifurahi sana. Nikatia filamu.

## Negativu zikawa nzito

Filamu iliporudi ilikuwa nzito. Haikuharibika, lakini ukiiweka kwenye mwanga kando ya zile za zamani kutoka kamera hiyohiyo, ilikuwa nyeusi zaidi waziwazi. Kamera ambayo kipimamwanga chake kilidanganya ilinipa negativu safi. Sasa kipimamwanga kimepona, negativu zimezidiwa mwanga.

Hapa nilikaribia kurudisha betri ya alkalini na kuyaacha mambo yalivyokuwa. Kuna hekima fulani ndani ya kuacha, na sitamlaumu anayeacha. Lakini lile swali la mwanzo lilikuwa bado halijajibiwa, na negativu hizi nzito zilikuwa zinalisogelea.

Rafiki mmoja ana kifaa cha kupimia kasi ya shata, pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu: mwanga upande mmoja, kihisio upande wa pili, unafyatua, unasoma. Tukaipitisha kamera kongwe kwenye kasi zake zote. Za chini zilikuwa sawa. 1/125 ilikuwa imechelewa kidogo. 1/250 ilikuwa kwa kweli karibu 1/150. 1/500 ilikuwa ikifunguka kwa muda unaokaribia 1/280.

Basi.

Kipimamwanga kilikuwa kikiinyima filamu theluthi mbili za stopu kivulini, na shata ikizirudisha. Juani, ambako mshale ulizidisha zaidi, nilikuwa natumia kasi za juu, ambako shata nayo ilichelewa zaidi. Chumbani, ambako mshale ulikuwa mkweli, nilitumia kasi za chini, ambako shata ilikuwa nzima. Makosa mawili yalizeeka pamoja yakafuatana hatua kwa hatua, yakanipa picha nzuri. Kutibu moja kulilifichua la pili.

Negativu nzuri hazikuwa ushahidi wa kipimamwanga kizuri. Zilikuwa ushahidi wa jumla, na jumla haikuambii ndani yake kuna nini.

Tangu hapo nimebadilisha mpangilio ninaoutumia kwa kamera yoyote ya zamani. Kwanza shata. Pili tundu la lenzi, kama mabamba yake yanafunga upesi au yamelainishwa na mafuta ya zamani hata yakachelewa. Tatu betri. Kipimamwanga mwisho. Fundi anayeanza na kipimamwanga, akakirekebisha kwa taa yake ya kipimo hadi kikawa sahihi kwenye kila alama, anaweza kukurudishia kamera mbaya kuliko uliyompelekea. Kamera zenye shata inayoongozwa kwa umeme, kama Nikon FE ya 1978, kwa kawaida hutunza kasi zake vizuri zaidi, na nafikiri hiyo ni sababu moja ya watu kuviamini vipimamwanga vyake. Wanachokiamini ni shata.

## Mficha maradhi

Mtu atauliza kwa nini theluthi mbili za stopu zipigiwe kelele. Filamu ya rangi ya negativu huvumilia stopu mbili za kuzidi bila malalamiko makubwa. Upande wa kupungua haina subira hiyo; stopu moja pungufu na vivuli vinaanza kuwa tope. Bado ni uvumilivu mwingi.

Ni kweli, na ndiyo maana ugonjwa hukaa miaka bila kuonekana. Skana ya wanaosafisha filamu husawazisha kila fremu kabla hujaiona. Fremu iliyozidi inashushwa, iliyopungua inapandishwa, unapokea picha zenye mwanga mmoja na unaamini kamera yako ina afya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kwenye mambo haya ni filamu ya slaidi. Slaidi ni yenyewe negativu na yenyewe picha. Hakuna wa kuisahihisha njiani. Ikizidi nusu ya stopu mawingu yanapotea, ikipungua nusu vivuli vinafungika. Anayetaka kuijua kamera yake apige slaidi moja ya mandhari ya kawaida, kila fremu akibadilisha nusu stopu na kuandika, kisha aziweke juu ya meza ya mwanga azitazame kwa macho yake. Hiyo ni pesa na muda, lakini inapima mnyororo mzima kwa mara moja.

Asiyetaka slaidi aitazame negativu yenyewe, asiitazame skani. Tafuta kivuli ambacho ulitaka kiwe na maelezo. Kama pale filamu ni angavu tupu kama ukingoni penye matundu, mwanga haukufika, na hakuna skana itakayouleta.

Hata namba ya ISO yenyewe ina historia inayotakiwa kukumbukwa. Mwaka 1960 kanuni ya ASA ya Marekani, kipimo cha usikivu wa filamu kilichotangulia ISO, ilibadilishwa, ule mwanga wa ziada uliowekwa kwa usalama ukaondolewa, na filamu nyingi za nyeusi na nyeupe zikapandishwa namba karibu mara mbili. Filamu yenyewe haikubadilika. Mwanga ambao mwaka mmoja uliitwa sahihi, mwaka uliofuata ukaitwa umezidi.

Tena, kasi ya filamu ya nyeusi na nyeupe hupimwa kwenye vivuli, pale filamu inapoanza tu kuonyesha weusi wake juu ya utupu. Kipimamwanga husoma katikati. Filamu inaangalia chini, mshale unaangalia kati, na umbali kati ya hapo hubadilika kwa kila mandhari. Wapiga picha Ansel Adams na Fred Archer waliujenga mfumo wao wa kanda karibu na mwaka 1940 kwa sababu ya pengo hili. Mfumo wenyewe ni mpana, lakini sehemu ninayoitumia kila mara inahitaji kipimamwanga cha kawaida tu: kisogelee kivuli unachotaka kionekane, kijaze fremu, soma, kisha punguza stopu mbili. Mshale ulitaka kukifanya kijivu. Wewe unakirudisha mahali pa kivuli. Hapo mshale unajibu ulichomuuliza.

Usiku ni habari nyingine. Kipimamwanga kikisema sekunde 10, kinaweza kuwa kweli kabisa na filamu isitii, kwa kuwa kwenye muda mrefu filamu hupoteza usikivu. Kwa filamu ya HP5 Plus, kanuni iliyotolewa na mtengenezaji wake, Ilford, inazigeuza sekunde hizo 10 kuwa 20 hivi.

## Kamera zinazofikiri

Nimesita kuliandika hili kwa sababu napenda kamera hizo. Mwaka 1983 Nikon FA ilikuja na kipimamwanga kinachogawa fremu vipande vitano, kinalinganisha, kisha kinaamua picha ni ya aina gani. Kinafanya vizuri. Kwa anayepiga haraka, kwenye mwanga unaobadilika, sina cha kumwambia.

Ila siwezi kujadiliana nacho. Mshale wa kamera ya kale ukisema 1/250 najua umeuliza nini, najua utakosea upande gani mbele ya ukuta mweupe, na najua nimwongeze kiasi gani. Kamera inayofikiri huenda imeshauona ukuta mweupe na kuongeza yenyewe. Nikiongeza na mimi, tumeongeza mara mbili. Mwaka huohuo Olympus walitoa OM-4, iliyochukua njia nyingine kabisa: unachagua nukta, hadi nane, nayo inakupa wastani wake, na ina vitufe vya kuiambia kwamba nukta hii ni mwangaza au ni kivuli. Inakuachia kazi ya kufikiri. Moyo wangu uko huko.

## Uso

Yote haya yangekuwa hesabu tu kama nisingepiga watu.

Mtu mwenye ngozi nyeusi, shati jeupe, anga nyuma yake. Kipimamwanga chenye uzito wa katikati kinasoma shati, kwa sababu kwenye picha ya mwili mzima katikati ndipo shati lilipo. Kinalifanya shati kuwa kijivu, na uso unazama. Nimeona albamu nyingi za namna hii, arusi, mahafali, siku ambazo hazirudiwi, ambamo shati linasomeka hadi vifungo na mwenye shati hana macho. Kamera haikuharibika. Iliulizwa kuhusu shati ikajibu kuhusu shati.

Waliosafisha filamu nao walikuwa na sehemu yao. Kadi za rejea ambazo Kodak iliwapa kwa miongo mingi ili kusawazisha rangi za picha, zilizojulikana kama kadi za Shirley, zilionyesha mwanamke wa ngozi nyeupe. Uso wake ulipotoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa.

Wengi tulifundishwa kusoma kiganja na kuongeza stopu moja. Ushauri huo una ukweli: viganja vya watu havitofautiani sana kama zinavyotofautiana nyuso zao, na hukaa karibu na stopu moja juu ya kadi ya kijivu. Karibu, si hasa. Chukua kadi mara moja, isome, soma kiganja chako kwenye mwanga uleule, uandike tofauti. Ni yako, na itabaki yako. Unaibeba popote bila mfuko. Kiganja kielekee alikoelekea anayepigwa, kipate mwanga anaoupata yeye.

Ninapoweza kusogea, nausoma uso wenyewe. Ukijaza fremu kwa uso mweusi sana na kumtii mshale, utatoka kijivu cha katikati: umeng'aa kuliko ulivyo, ingawa maelezo yote yamo. Kwa slaidi napunguza stopu nzima. Kwa negativu napunguza nusu tu, au naacha, kwa kuwa mwanga wa ziada kidogo huihifadhi ngozi vizuri, na weusi wake unaweza kurudishwa wakati wa kuchapisha. Mtu atoke na weusi wake mwenyewe, na mng'ao wa shavu na paji la uso uonekane juu yake. Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye betri za zinki, kwenye kifaa cha kupimia shata, kwenye jioni za namba.

Nikishausoma uso na kuweka namba, simtazami mshale tena hadi mwanga ubadilike. Nikirudi nyuma kupanga fremu mshale utaruka, kwa sababu sasa unaona anga. Nauacha uruke. Na anga ikitoka nyeupe tupu kwenye picha, itoke. Sikuja kupiga anga.